Kidonge cha kila alfajiri hakipunguzi tawakkul

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyeuumba mwili wa mwanadamu kwa mizani na kila kiungo akakipa kazi yake. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, sahaba zake na wote wanaofuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo nakusudia kuzungumzia maradhi ambayo huenda wengine wakasema mahali pake ni hospitali, si katika ukurasa wa dini. Lakini maradhi haya yamekwishaingia katika ndoa zetu, katika funga zetu, katika tohara za wake zetu, na zaidi ya yote katika itikadi zetu juu ya tawakkul. Kwa hiyo hatuna budi kuyazungumza. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Baada ya sala ya Alasiri siku moja walinijia mume na mke kutaka suluhu. Mume alikuwa amekwishachoka. Alisema, "Sheikh, huyu si mke niliyemuoa. Analala mchana kutwa, nyumba haimshughulishi, nikimtuma jambo anasahau, na nikimsemesha hulia." Mke alikaa kimya, amejifunika kanga mbili na shuka juu yake, ilhali ulikuwa mwezi wa Januari na sisi wengine tulikuwa tukijipepea. Uso wake ulikuwa umevimba na sauti yake imekuwa nzito kama ya mwanamume. Mama mkwe alikwishatoa hukumu yake: ni jini. Mume, kwa upande wake, alikuwa na neno la talaka kwenye ncha ya ulimi.

Nikamnasihi mume kuhusu subira na mke kuhusu haki za mume. Kisha nikamsomea yule mama, nikawataka warejee baada ya wiki. Walirejea mara tatu, na kila mara hali yake ilikuwa mbaya kuliko ya mara iliyotangulia. Mara ya nne alifuatana na mdogo wake wa kike, ambaye ni muuguzi. Binti yule, kwa adabu kabisa, aliniuliza, "Sheikh wangu, samahani, ulimuuliza dada kama anameza dawa zake?"

Sikuwa nimemuuliza.

Ikadhihirika kwamba yule mama, miaka miwili nyuma, aliugua rovu lililomfanya akonde huku akila sana, moyo ukimwenda mbio, mikono ikitetemeka na macho yakitoka nje. Alitibiwa kwa iodini yenye mionzi, akapona maradhi yale. Baada ya miezi michache mwili ukaanza kupooza, madaktari wakampa vidonge na kumweleza kwamba atavimeza maisha yake yote. Akavimeza, akawa mzima. Kisha akatokea mtu anayejiita tabibu wa kisunna, akamwambia kwamba dawa isiyo na mwisho ni dalili ya imani haba, na kwamba aliyepona hana haja ya dawa. Akaacha. Yaliyofuata ndiyo hayo yaliyoletwa kwangu kwa jina la jini.

Ndugu Waislamu, tusiwacheke watu hawa. Jambo lenyewe lina utata kwa yeyote asiyeelezwa. Mtu alitibiwa kwa sababu kitu fulani mwilini mwake kilizidi, na sasa anaambiwa anywe dawa kwa sababu kitu kile kile kimepungua. Anaona kama amechezewa. Basi na tulieleze jambo hili taratibu.

Tezi ndogo yenye kazi kubwa

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, Mwenyezi Mungu ameweka tezi yenye umbo kama la kipepeo. Wataalamu huiita tezi ya thairoidi. Tezi hiyo huchukua madini joto, yaani iodini, kutoka katika chakula na kutengeneza homoni inayoendesha kasi ya mwili mzima: mapigo ya moyo, joto la mwili, usagaji wa chakula, hedhi ya mwanamke, hata wepesi wa fikra. Homoni ikizidi, mwili huenda mbio kama gari lisilo na breki. Ikipungua, kila kitu huzorota: mtu huhisi baridi na uchovu, hunenepa bila kula sana, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, moyo hupiga polepole, huzuni humwingia na kumbukumbu humpotea. Ikiachwa bila tiba kwa muda mrefu, hali huweza kufikia mgonjwa kupoteza fahamu na kufariki.

Maradhi ya kuzidi kwa homoni hii yanajulikana tangu zamani. Katika karne ya 12 tabibu Muislamu, Ismail al-Jurjani, katika kitabu kikubwa cha tiba alichomwandikia mfalme wa Khwarazm, alilihusisha rovu na kutoka kwa macho. Baadaye sana, mwaka 1835, daktari Robert Graves wa Dublin aliyaeleza maradhi hayo, na aina yake inayotokea zaidi sasa inaitwa kwa jina lake.

Tiba zake ni tatu. Ya kwanza ni vidonge vya kupunguza kasi ya tezi, kama vile kabimazoli. Ya pili ni upasuaji wa kuiondoa tezi yote au sehemu yake. Ya tatu ni iodini yenye mionzi, ambayo mgonjwa huimeza, nayo ikaenda moja kwa moja kwenye tezi na kuziua chembe zake. Tiba hii ya tatu ilitolewa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1941 mjini Boston, Marekani, na daktari Saul Hertz. Hapa kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam huitoa pia, na ni vyema ieleweke kwamba si kila anayepelekwa pale kwa ajili ya tezi ana saratani.

Sasa hapa ndipo penye fundo la maneno. Aliyeondolewa tezi yote hawezi tena kutengeneza homoni ile. Na waliomeza iodini yenye mionzi, walio wengi hatimaye tezi zao huacha kufanya kazi ya kutosha, aghalabu katika mwaka wa kwanza na wengine baada ya miaka. Hili si kosa la daktari wala si uchawi wa jirani. Ni matokeo yanayojulikana, na mara nyingi hukusudiwa hasa, kwa kuwa homoni iliyopungua hurejeshwa kwa urahisi na usalama zaidi kuliko kuiacha iliyozidi ikaendelea kuudhuru moyo. Aidha, mtu huyu hafai kuambiwa ale chumvi yenye madini joto ili apone. Chumvi hiyo ni kinga nzuri kwa umma, lakini tezi iliyokufa haina tena wa kuyapokea madini hayo.

Kurudishiwa kilichopungua

Dawa anayopewa inaitwa levothairoksini. Nawaomba wasomaji wangu walizingatie jambo moja: homoni iliyomo ndani ya kidonge hiki ni ile ile ambayo tezi ilikuwa ikiitengeneza. Mgonjwa hatiliwi mwilini kitu kigeni. Anarudishiwa kilichopungua, kama ambavyo aliyekatika mguu hupewa mguu wa bandia. Je, kuna anayemwambia mwenye mguu wa bandia kwamba kwa vile kidonda kimepona, auvue mguu huo na kutembea kwa imani?

Tiba ya kurudisha homoni ilianza mwaka 1891, pale daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alipomdunga mama mmoja wa miaka 46 maji yaliyotokana na tezi za kondoo. Mama yule, aliyekuwa katika hali mbaya, aliishi miaka 28 zaidi. Mwaka 1914 Edward Kendall aliitenga homoni yenyewe huko Marekani, na mwaka 1927 wanasayansi wa Uingereza wakaweza kuitengeneza katika maabara.

Historia hii inatupeleka kwenye swali la halali na haramu, ambalo nimeulizwa zaidi ya mara moja. Levothairoksini inayotolewa hospitalini na katika maduka ya dawa hutengenezwa maabara, haitolewi katika mnyama. Lakini ipo dawa nyingine, unga wa tezi iliyokaushwa, inayouzwa kwa jina la "dawa ya asili", na wako wanaoiagiza kutoka nje. Unga huo aghalabu hutokana na tezi za nguruwe. Muislamu ambaye mbele yake ipo dawa safi, yenye kipimo kinachojulikana na iliyotengenezwa maabara, hana dharura ya kuiacha na kuiendea ile. Ajabu iliyoje kuona mtu anaacha kidonge cha halali kwa kukiita "kemikali", kisha anakimbilia najisi kwa sababu imeitwa "asili"!

Tawakkul na sababu

Wapo wanaosema kwamba kumeza dawa kila siku hadi kufa ni kuitegemea dawa badala ya Mwenyezi Mungu. Hii ni hoja ya asiyeielewa tawakkul. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu, na akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Na yule aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kamba kwa hoja ya tawakkul, aliamriwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mola wake. Ngamia hafungwi mara moja katika maisha. Hufungwa kila siku anapohitajiwa kufungwa. Sisi sote tunakula na kunywa maji kila siku hadi kufa, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa kufanya hivyo tumemshirikisha Mwenyezi Mungu na maji.

Ni kweli kwamba wanazuoni wamehitilafiana juu ya hukumu ya kujitibu, na wengi hawakuifanya kuwa wajibu katika kila hali. Lakini khitilafu hiyo inahusu zaidi tiba ambayo manufaa yake yana shaka. Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 7 kilichofanyika Jeddah mwaka 1992, iliamua kwamba kujitibu huwa wajibu iwapo kuacha kutapelekea kupoteza nafsi au kiungo, au kumfanya mtu ashindwe kujimudu. Mwenye tezi iliyokufa akiacha dawa hii, njia anayoielekea ni hiyo hiyo. Miongoni mwa makusudio makuu ya sheria yetu ni kuhifadhi nafsi na kuhifadhi akili, na maradhi haya yanazishambulia zote mbili. Katika Suratul Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu. Mkono unaokiweka kidonge kando bila idhini ya daktari nao ni mkono.

Sisemi kwamba kisomo hakina nafasi. Qur'ani ni shifaa, na mgonjwa asomewe na aombewe dua. Ninachosema ni kwamba kisomo na kidonge havigombani. Kosa langu halikuwa kumsomea yule mama. Lilikuwa ni kumsomea bila kumuuliza.

Namna ya kuimeza, na funga ya Ramadhani

Dawa hii ni nyepesi lakini ina adabu zake. Humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa na kahawa zisubiri, kwani huweza kuipunguzia nguvu. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, vya kalisi na dawa za kutuliza kiungulia vitenganishwe nayo kwa muda wa saa 4. Wengi walioambiwa kwamba "dawa imekataa" kumbe walikuwa wakiimeza kwa kikombe cha chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya damu.

Kwa anayeamka kwa sala ya Alfajiri jambo hili ni jepesi mno: ameze kidonge kwa maji kabla ya kusali, na atakapokuwa amemaliza sala na nyiradi zake, muda wa chai utakuwa umefika. Naona hii ni neema kwa Waislamu, maana ratiba ya dawa imefuatana na ratiba ya ibada.

Katika Ramadhani, kidonge kinachomezwa mchana kinafuturisha, hilo halina mjadala. Lakini dawa hii humezwa mara moja tu kwa siku, na homoni yake hukaa mwilini muda mrefu, kiasi kwamba nusu yake hubaki baada ya wiki nzima. Kwa hiyo aliyetulia katika kipimo chake aghalabu huweza kufunga bila shida. Yupo atakayeamka nusu saa au zaidi kabla ya daku akaimeza. Yupo atakayeimeza usiku wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya chakula cha mwisho, akijizuia na vitafunio baada ya tarawehe. Achague wakati mmoja, aushike mwezi mzima. Ama yule ambaye kipimo chake bado hakijatulia au ana maradhi mengine, amuulize daktari wake kabla ya mwezi kuandama, na akikatazwa kufunga asione haya kuichukua ruhusa aliyopewa na Mola wake.

Kukaa kwa dawa hii mwilini kuna hadaa yake. Anayeiacha haumwi kesho yake. Hupita wiki na hata miezi akijiona mzima, naye akasema, "Si mnaona, sina haja nayo!" Kisha kushuka huja polepole, hata yeye mwenyewe asijue lini alianza kushuka. Kwa sababu hiyo hiyo, anayeanza tena asitarajie muujiza wa siku tatu. Kipimo cha damu kiitwacho TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8 kila dozi inapobadilishwa, kisha mara moja au mbili kwa mwaka mambo yakitulia. Na kipimo hiki husomwa kinyume na wengi wanavyodhani: TSH ni amri inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo kuihimiza tezi ya shingo, hivyo ikipanda sana maana yake homoni ya tezi imepungua. Katika miezi ya mwanzo baada ya mionzi TSH huweza kuchelewa kusema kweli, ndiyo maana daktari hupima pia homoni yenyewe. Vile vile mtu asijiongezee vidonge ili apungue mwili au apate nguvu, kwa kuwa dozi iliyozidi huuvuruga moyo na kuidhoofisha mifupa.

Neno kwa wanawake na waume zao

Maradhi haya huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Moja ya alama za kupungua kwa homoni ni damu ya hedhi kuwa nyingi na ndefu. Aghalabu swali la damu hufika kwetu masheikh kabla halijafika kwa daktari. Tunajibu kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafii kwamba hedhi haipiti siku 15, na kinachozidi ni istihadha, hivyo mwanamke ajitohareshe, atawadhe kwa kila sala ya faradhi, asali na afunge. Jawabu ni sahihi, lakini halijakamilika. Ikamilishwe kwa kumuuliza: Je, uliwahi kutibiwa rovu? Je, unahisi baridi na uchovu? Kisha aelekezwe akapimwe.

Anayetumia dawa hii akishika mimba, asiiache hata siku moja. Amwendee daktari mara tu ajuapo, kwa sababu mahitaji ya homoni huongezeka mapema katika ujauzito, na ubongo wa mtoto tumboni huitegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo. Amweleze pia daktari kwamba zamani aliugua kuzidi kwa tezi. Wakati wa kunyonyesha dawa hii haina ubaya. Ama iodini yenye mionzi, hiyo haitolewi kwa mjamzito wala anayenyonyesha, na baada ya kuimeza mwanamke hutakiwa asubiri angalau miezi 6 kabla ya kushika mimba.

Nanyi waume, mtu anapobadilika ghafla katika nyumba yenu, msianze na neno la talaka. Uvivu ni tabia, nayo hujulikana tangu mwanzo. Mwanamke aliyekuwa akiamka kabla yako kwa miaka 10, kisha leo hawezi kuinuka, amepatwa na jambo. Gharama ya kumpima ni ndogo kuliko gharama ya kuibomoa nyumba. Na kidonge chake kiwe katika hesabu ya matumizi ya mwezi kama unga na mafuta, kisikatwe mkono unapobana.

Kwa masheikh wenzangu na maustadhi wanaosoma ruqya, neno langu ni fupi. Kabla ya kufungua kisomo, tuulize maswali matatu: Umewahi kutibiwa maradhi gani? Uliandikiwa dawa gani? Je, bado unazitumia? Na tusimwambie mtu yeyote aache dawa aliyoandikiwa na mjuzi wa fani hiyo. Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa kwamba anayetibu bila ya kujulikana kwa elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Hukumu hiyo haikumsamehe mtu kwa sababu amevaa kanzu.

Yule mama alirejeshwa hospitali, akaanzishiwa tena dawa kwa dozi iliyopandishwa hatua kwa hatua. Baada ya kiasi cha miezi miwili na nusu walikuja wote wawili kunisalimu. Sauti yake ilikuwa imerudi, na hakuwa na shuka begani. Mume hakusema mengi. Alinionesha simu yake, ambamo ameweka kengele ya saa 10 na nusu alfajiri. "Ikilia, Sheikh, mimi humletea maji, yeye humeza, kisha tunajiandaa kwa sala."

Mtume (S.A.W.) alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akikithirisha funga na kisimamo cha usiku, kwamba mwili wake nao una haki juu yake. Mwili ni amana, na anayekimeza kidonge chake kila alfajiri kwa kutaja jina la Mola wake anailinda amana hiyo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, azidishe mapenzi katika nyumba zetu, na atusamehe pale tuliposema kabla ya kuuliza. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.